Kuipima Sheria ya Bangi

Miamba ya Makome na Upangu imo katika maji ya Mtang'ata, kusini ya mji wa Tanga, pande zile zile ambazo magofu ya Tongoni, pamoja na msikiti wake na makaburi yake ya nguzo, yanaitazama bahari. Wavuvi wa pwani hii walipokuwa wakilalamika kuwa samaki wamepungua na baruti imeyavunja matumbawe, ulianzishwa mwaka 1994 mpango wa kuhifadhi pwani ya Tanga, kwa fedha za Ireland na kwa msaada wa wataalamu wa shirika la hifadhi liitwalo IUCN, na miongoni mwa yaliyoafikiwa baina ya vijiji na serikali ni kwamba baadhi ya miamba ifungwe na mingine iachwe wazi. Kufunga mwamba kila mwenye mamlaka aweza. Kilichonivutia mimi katika habari ile ni kuwa wanavijiji wenyewe walifundishwa kuzamia na kuhesabu, wakaandika hali ya samaki na matumbawe mwaka hata mwaka, mahali palipofungwa na mahali palipoachwa, ili atakayesema kuwa amri imefaa au haikufaa awe na daftari mkononi.

Nimetanguliza samaki, ilhali muradi wangu ni bangi, kwa sababu kazi ya namna ile ya miamba ndiyo kazi ambayo katika zama zetu imekuwa elimu kamili mbele ya serikali kadha wa kadha za ulimwengu: kuzisaidia kutunga sheria za bangi ivutwayo kwa starehe, na kisha, jambo ambalo aghalabu husahauliwa, kuzipima sheria hizo baada ya kutungwa. Barazani mjadala wa bangi una pande mbili tu, wa kukaza kamba na wa kulegeza, na kila upande huja na kisa chake: huyu ana mtoto wa jirani aliyeharibikiwa akili, na yule ana mzee aliyevuta tangu ujana wake akalima shamba lake hadi uzeeni. Visa vyote viwili huenda ni vya kweli. Ila serikali haiwezi kutunga sheria kwa visa viwili.

Kwetu Tanzania hukumu ya sheria haina utata. Baada ya sheria ya mwaka 1995 ilikuja sheria kali zaidi ya mwaka 2015, na mwezi Februari 2017 ikaanza kazi Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Zanzibar nayo ikajitungia sheria yake mwaka 2021 na kuunda mamlaka yake. Bangi ni jinai kuilima, kuiuza, kuisafirisha na kuitumia, na mahakama zetu zimekwisha kuwapeleka watu gerezani kwa miaka 30 kwa sababu ya mzigo wa bangi. Maofisa wamepanda hadi Kisimiri Juu, katika wilaya ya Arumeru, wakafyeka mashamba na kuyatia moto.

Katika dini, kwa sisi wa pwani, jambo hili lina historia ndefu kuliko dola nyingi za leo. Badruddin al-Zarkashi, mwanachuoni wa Misri wa karne ya nane ya Hijra, aliandika risala nzima kubainisha uharamu wa hashishi, na wengi wa wanazuoni walikubaliana naye katika asili ya hukumu. Walakini katika adhabu hawakuafikiana: wapo waliosema mvutaji apigwe hadi, yaani adhabu iliyokwisha kuwekewa kiwango katika dini, kama mnywaji wa tembo, na ndivyo alivyoona mwanachuoni Ibn Taymiyya, na wapo waliosema ni taazira tu, yaani jambo liachwe kwa busara ya kadhi. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi hudhani kuwa kitu kikishatangazwa haramu basi maswali yamekwisha, ilhali hapo ndipo tadbiri ya mtawala inapoanza: aadhibu kiasi gani, amwadhibu nani, kwa gharama ya nani, na atajuaje kuwa adhabu yake imepunguza uovu wala haikuuzidisha.

Uchunguzi mkubwa wa zamani katika mlango huu ulifanywa Bara Hindi. Mwaka 1893, baada ya mbunge mmoja wa Uingereza, W. S. Caine, kuuliza katika Bunge la London juu ya madhara ya bangi huko Bengal, serikali ya Kiingereza ya Hindi iliunda tume ya watu saba, Waingereza wanne na Wahindi watatu, chini ya urais wa W. Mackworth Young. Tume ilizunguka nchi ile pana, ikasikiliza mashahidi 1,193, na ripoti yake ya mwaka 1894, pamoja na ushahidi ulioambatanishwa, ilipita kurasa 3,000. Wakati ule Zanzibar ilikwisha kuwa chini ya himaya ya Waingereza kwa miaka michache, na jahazi za Hindi zilikuwa zikija na kurudi kwa pepo zake kama zilivyozoea.

Katika ripoti ile, fungu linalostahili kusomwa na kila mtunga sheria ni lile la hospitali za wendawazimu. Ilikuwa ni itikadi ya watu wote, wa chini na wa juu, kwamba bangi ndiyo iliyojaza nyumba zile, na madaftari ya hospitali yalionekana kuthibitisha: katika wagonjwa 1,344 waliopokewa mwaka 1892, 222 waliandikwa kuwa sababu ya wazimu wao ni bangi. Tume haikuridhika na daftari. Ilifuata safari ya kila mgonjwa nyuma, kijijini kwake, kwa jamaa zake na kwa waliomleta, nayo ikakuta kwamba safu ya "sababu" mara nyingi haikujazwa na tabibu bali na polisi au karani aliyemsindikiza mgonjwa, ambaye, akiisha kusikia kuwa mtu huyu aliwahi kuvuta, aliona kazi yake imekwisha. Baada ya kupekua, 222 walibaki 98, na hata katika hao baadhi walikuwa na sababu nyingine pamoja na bangi.

Tume haikusema bangi haina madhara. Ilisema kuwa matumizi ya kiasi, ambayo ndiyo ya watu wengi, yana madhara madogo, na kwamba anayepindukia mpaka hujidhuru mwenyewe zaidi kuliko anavyowadhuru wenziwe. Kisha ikashauri nchi isipige marufuku, bali itoze ushuru mzito, ipunguze maduka, na iweke kikomo cha kiasi ambacho mtu mmoja aweza kuwa nacho. Huko Naogaon, Bengal, mfano ulikuwepo tayari: ganja ililimwa kwa leseni katika eneo moja lililojulikana, ikawekwa katika ghala la serikali, na haikutoka humo ila kwa ushuru. Mtu aweza kuipinga hukumu ya tume ile, na mimi mwenyewe nashuku kuwa serikali iliyokuwa ikila ushuru wa ganja haikuwa na pupa ya kusikia kuwa ganja ni sumu, maana mapato nayo ni shahidi mwenye upendeleo. Lakini njia yake ya kufanya kazi sioni nani aweza kuikosoa.

Yaliyofuata nayapita upesi. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1925 uliingiza bangi katika orodha ya madawa ya kudhibitiwa duniani, kwa kusukumwa zaidi na ujumbe wa Misri. Mapatano ya dunia ya mwaka 1961 juu ya madawa ya kulevya yakaikaza kamba. Na tarehe 2 Desemba 2020, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura kuiondoa katika daraja la madawa makali kabisa, kura 27 dhidi ya 25 na mmoja akijizuia, ingawa bangi ilibaki katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa.

Kwa muda wa miaka kumi na zaidi sasa, nchi na majimbo kadhaa yamejaribu kuihalalisha bangi ya starehe, na hapo ndipo ilipozuka kazi ya washauri ninayoizungumza. Jimbo la Washington, huko Marekani, lilipopiga kura ya kuhalalisha mwaka 2012, bodi yake ya vileo, iliyojua habari za pombe na haikujua za bangi, ilimwajiri profesa Mark Kleiman na wenzake waishauri. Jimbo la Vermont lilipewa na taasisi ya RAND, mwezi Januari 2015, ripoti ambayo thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kuonyesha kwamba baina ya marufuku na soko huria zipo njia nyingi mno: ilitaja namna kumi na mbili za kuipatia nchi bangi au kuinyima, tangu kuongeza adhabu, hadi kuacha mtu apande miche yake nyumbani, hadi vyama vya wanachama wasiotafuta faida, hadi duka la serikali, hadi kampuni zilizoachiwa uwanja. Vermont yenyewe ilianza mwaka 2018 na miche ya nyumbani, na maduka hayakufunguliwa hadi mwaka 2022.

Ubishi wa barazani hauzijui njia hizo za katikati, na huko katikati ndiko kuna mambo ya maana. Mathalani, ni nani auze? Wachunguzi wa Marekani wamekadiria kuwa kiasi cha asilimia 80 ya bangi yote humalizwa na wale wavutao kila siku au karibu kila siku, ijapokuwa wao si wengi katika jumla ya watumiaji. Basi mfanyabiashara yeyote wa bidhaa hii, hata awe mcha Mungu, riziki yake itategemea wale walioshikwa nayo sana, wala si kijana aliyeionja harusini, na atakayempa mfanyabiashara huyo ruhusa ya kutangaza na kupamba bidhaa yake ajue anamruhusu kuwatafuta watu wa namna gani. Kwa sababu hiyo Québec, katika Kanada iliyohalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, iliweka maduka yote ya rejareja mikononi mwa shirika la serikali na ikaupandisha umri wa mnunuzi hadi miaka 21.

Uruguay, iliyotangulia nchi zote kwa sheria ya mwezi Desemba 2013, katika utawala wa José Mujica, ilikwenda mbali zaidi katika kuzuia tamaa: raia au mkazi hujiandikisha, naye huchagua mlango mmoja kati ya mitatu, miche sita nyumbani, au chama cha watu 15 hadi 45, au famasia, ambako hanunui zaidi ya gramu 40 kwa mwezi, na mgeni haruhusiwi. Mpango ulikuwa wa makini. Hata hivyo famasia zilipoanza kuuza mwezi Julai 2017, mabenki ya nchi, kwa kuogopa sheria za Marekani ambako hupitia fedha za dunia nzima, yaliwatishia wenye famasia kufunga hesabu zao, na baadhi yao wakaacha kuuza. Kadhalika bangi ya serikali ilikuwa hafifu, na waliozoea kali walibaki kwa muuzaji wao wa gizani, hata serikali ikalazimika baadaye kuongeza aina zenye nguvu zaidi. Hakuna mtunzi wa sheria aliyeketi Montevideo mwaka 2013 aliyeyaona yote hayo.

Ushuru nao una hila zake. Ukitozwa kwa bei, siku bei itakaposhuka, nayo hushuka sana bidhaa ikishakuwa halali na kulimwa kwa wingi, ushuru utashuka pamoja nayo wakati ule ule ambapo urahisi unaongeza wavutaji. Ukitozwa kwa uzito, mlimaji hutafuta mmea mkali zaidi, ili gramu moja ibebe nguvu nyingi. Kanada iliamua kutoza dola 1 kwa gramu au asilimia 10 ya bei, lolote lililo kubwa. Bei zikaporomoka, na ile dola moja, ambayo ilipotungwa ilionekana ndogo, ikawa mzigo ambao wakulima halali hawakuacha kuulalamikia. Jimbo la Illinois, Marekani, limejaribu kutoza kwa ukali wa bidhaa yenyewe, iliyo kali izidi kulipa, nami naona hapo pana insafu zaidi, ijapokuwa inahitaji maabara zinazoaminika.

Na anayetaka mfano wa nchi iliyofungua mlango kabla ya kujenga kizingiti aitazame Thailand, iliyoitoa bangi katika orodha ya madawa mwezi Juni 2022 pasipo sheria ya kuidhibiti. Maduka yakajaa mitaani, na baada ya miaka mitatu, mwezi Juni 2025, serikali ikarudi nyuma na kudai cheti cha daktari.

Sasa nije katika kupima, ambako ndiko wengi hushindwa. Mtu asiyezoea kazi hii atadhani kuwa inatosha kutazama idadi ya waliokamatwa. Lakini idadi ya waliokamatwa hueleza zaidi juhudi ya polisi kuliko wingi wa wavutaji, na ikiongezeka mwaka huu huenda ni kwa kuwa gari jipya limeletwa kituoni. Ukiwauliza watu nyumba kwa nyumba, wakati bangi ni jinai watakuficha, na ikihalalishwa watakwambia, kwa hiyo hesabu itapanda hata kama hakuna aliyeongezeka. Vivyo hivyo hospitalini: mgonjwa aliyekuwa akimficha daktari humweleza, na daktari aliyekuwa haulizi huanza kuuliza. Fauka ya hayo, bangi ya leo si ile ya Bengal ya 1893, kwani ukali wake umeongezwa na wakulima wa kisasa mara nyingi, na kuhesabu wavutaji bila kupima wanachovuta ni kuhesabu chupa bila kuuliza zina maziwa au pombe.

Dawa ya shida hizi ni kuanza kuhesabu kabla ya sheria kubadilika, na kuwa na mahali pa kulinganisha. Uholanzi, ambayo kwa miaka mingi iliruhusu maduka kuuza bangi huku ikikataza kuilimia maduka hayo, jambo lisiloeleweka kwa akili ya kawaida, iliamua kufanya jaribio katika miji kumi, ambako maduka yananunua kwa wakulima wenye leseni, na miji mingine ikaachwa katika hali ya zamani ili wachunguzi wailinganishe. Miji ya Breda na Tilburg ilianza mwezi Desemba 2023. Washington nayo iliandika ndani ya sheria yenyewe kwamba taasisi ya utafiti ya jimbo itatoa tathmini mwaka 2015, 2017, 2022 na 2032. Tazama busara ya tarehe ile ya mwisho: waliotunga walijua kuwa mtoto aliyezaliwa mwaka wa kura atakuwa na miaka ishirini, na madhara au manufaa ya sheria yataonekana kwake.

Wala Tanzania si mgeni wa njia hii. Mwezi Februari 2011, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ilianza tiba ya methadoni kwa waliokuwa watumwa wa heroini, hospitali moja kwanza, pamoja na kumbukumbu za nani amebaki katika tiba na nani ameacha, na kwa yaliyoonekana pale ikaenezwa katika hospitali nyingine na mikoa mingine, Tanga ikiwamo. Hakuna aliyesema kuwa kuwatibu ni kuihalalisha heroini.

Afrika ya Mashariki, katika habari ya bangi, imekuwa na kelele kuliko hesabu. Nchini Kenya mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alileta pendekezo la sheria mwaka 2018, naye akafariki Julai 2019 kabla halijafika popote. Mwaka 2021 Marastafari walikwenda mahakamani kudai ruhusa ya kuitumia. Na katika uchaguzi wa 2022 George Wajackoyah aligombea urais kwa ahadi ya bangi, akazungumzwa na kila mtu na kupata kura chini ya asilimia moja. Uganda ilijikuta mwezi Mei 2023 mahakama imeibatilisha sheria yake ya madawa ya mwaka 2015 kwa kuwa ilipitishwa bila akidi bungeni, ikabidi itungwe upya. Malawi na Rwanda zimefungua mlango wa bangi ya dawa, ambayo ni mas'ala mengine kabisa. Afrika Kusini, kwa hukumu ya mwezi Septemba 2018 iliyoandikwa na jaji Raymond Zondo, na kwa sheria iliyotiwa sahihi Mei 2024, imemruhusu mtu mzima kupanda na kuvuta faraghani, lakini si kununua wala kuuza.

Mimi si mtetezi wa maduka ya bangi, na sitapenda kuiona ikitangazwa penye vituo vya daladala. Wala sioni kuwa kifungo cha miaka 30 ni hukumu isiyopasa kuulizwa imezaa nini, maana kila mwaka wa mfungwa ni chakula, ulinzi na familia iliyopoteza mchumaji. Ninachokitaka ni kwamba anayepima asiwe yule yule anayekamata, kwa sababu mtu hawezi kuwa mshitaki na mizani kwa wakati mmoja.

Na mahali pa kuanzia papo karibu, bila kugusa bangi hata kidogo. Mirungi, ambayo sheria yetu ya 2015 imeiweka katika fungu moja na bangi, na ambayo mashamba yake katika milima ya Same yamefyekwa na maofisa, kwa upande wa Kenya ni zao la biashara lililotambuliwa kwa sheria tangu 2016. Ukitoka Horohoro ukaingia Lunga Lunga, kitita kile kile kilichoweza kukufunga kinauzwa mezani. Pande zote mbili wanaishi Wadigo, lugha moja, dini moja, mara nyingi ukoo mmoja, hawa wa Mkinga na wale wa Kwale. Mchunguzi akiuliza katika nyumba za pande zote mbili kijana anatumia kiasi gani cha mapato yake kwa mirungi, analala saa ngapi, alianza akiwa na umri gani, amewahi kulipa rushwa au kulala mahabusi, na mama wa nyumba anasema nini faraghani, atakuwa na kitu ambacho mbunge aweza kukisoma Dodoma. Atahitaji vibali vya serikali mbili, wasaidizi wanaokijua Kidigo, na mwaka mmoja au miwili ya kurudi katika nyumba zile zile.